Fundi wa Mipini Asiyejua Kulima

Viganja vyake vilikuwa laini kama vya karani wa posta. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoligundua aliponipa mkono, siku nilipofungua duka langu la majembe pale Rodi Kopany, na ndilo lililonifanya nimdhanie mwongo alipojitambulisha kuwa fundi wa mipini. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuwahi kumuuliza. Hakuna anayenunua mpini kwa kuulizia ukoo wa aliyeuchonga.

Jina alikuwa nalo, ila halikutumika. Watu walimwita Fundi, nami nikamwita Fundi. Yeye aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, kwa sababu nimetoka upande wa Kehancha, mpakani. Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu, na biashara ikaenda. Yeye alichonga, mimi niliuza. Tulijuana miaka minane katika miaka ya tisini, na katika miaka hiyo tuligombana karibu kila siku ya soko juu ya jambo moja tu, nta.

Asiyelima anaweza kushangaa watu wazima kugombania nta. Mpini mtupu hunywa maji ya mvua, ukikauka unapasuka, na ukipasuka unachana mkono. Lazima upakwe kitu. Swali lilikuwa upakwe nini kitakachozuia maji, kisiumize mkono, na kisipandishe bei hadi mama aliyekuja sokoni na karai moja la maharagwe arudi nyumbani na chuma bila mpini. Fundi alilitafuta jibu la swali hilo kama watu wengine wanavyotafuta mali. Kwa bahati mbaya alilitafutia kwangu, kwa wateja wangu.

Kuchonga, tusimwonee, alijua. Alitumia mti ambao Wajaluo huuita powo, ambao nyuzi zake zimenyooka na hauvunjiki ovyo. Aliukwangua kwa kipande cha chupa, akausugua kwa msasa, kisha akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu, kama askari anayelenga shabaha. Ukiwa na kombo hata la unywele, aliurudisha chini na kuutukana. Alikuwa na usemi wake kuhusu kazi hiyo.

"Mpini ni mkwe wa mkono," aliniambia. "Wakikwaruzana, hiyo boma haina amani."

Tatizo lilianza baada ya kuchonga, pale alipochukua kitambaa. Fundi alikuwa na ugonjwa wa mng'aro. Alitaka mpini ung'ae hadi mnunuzi aone meno yake ndani. Alikuwa Msabato wa kindakindaki, mtu aliyeweza kusimama kanisani na kukemea hereni, mikufu na rangi ya kucha kwa nusu saa bila kumeza mate, halafu Jumapili asubuhi ukamkuta anaupamba mpini wa jembe kama bibi harusi. Nilimuuliza mara moja kama Mungu hakuona hapo kasoro yoyote.

"Mpini haina roho," akasema. "Haiwezi kwenda motoni."

"Inaenda sana," nikamwambia. "Mwezi uliopita mama mmoja aliuchoma mpini wako kupikia ugali."

Huo ulikuwa mpini wa oili chafu. Alikuwa ameipata bure kwenye gereji, oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, akaona Mungu amemfungulia mlango. Mipini ilitoka myeusi, inang'aa, haiingii maji hata tone. Tukaiuza yote kwa siku mbili. Siku ya tatu wanawake wakaanza kurudi, viganja vyeusi, leso zimeharibika, na mmoja wao, shemasi wa kanisa la Fundi mwenyewe, alikuwa amempa mchungaji mkono na kumwachia alama ya vidole vitano kwenye shati jeupe. Nilirudisha pesa za watu. Fundi alisema wanawake wa siku hizi hawana subira, kwamba oili ingeisha yenyewe baada ya misimu miwili.

Baadaye ikaja rangi ya viatu. Hiyo nakiri iliniteka hata mimi. Mipini ilikuwa ya kahawia, mizuri, ukipita nje ya duka unageuza shingo. Kumbe jasho likikutana na rangi ya viatu, mpini unageuka kambale. Jembe la mama mmoja lilimtoka mikononi akiwa amelinyanyua juu, likaruka, likatua katikati ya mihogo ya jirani aliyekuwa hasemezani naye, na jirani akalizuia mpaka mzee wa kijiji alipoitwa. Hapo niliacha kucheka, maana lingeweza kutua juu ya mtoto.

"Alishika vibaya," Fundi akasema.

"Wewe umewahi kulishika vizuri?"

Akageukia msasa wake. Nilikuwa bado sijajua kuwa nimegusa kidonda.

Kuhusu mishumaa ya kanisani alikuwa na maoni makali, na aliyatoa mbele ya Wakatoliki wenyewe, hata wakiwa wamekuja kununua. Ila vipande vinavyobaki baada ya misa, hivyo aliona havina dhehebu. Akapatana na katekista kwamba amtengenezee mpini wa shoka, naye amwekee masalio ya mishumaa kwenye boksi la viatu. Kuingia getini alikataa katakata. Alisimama nje ya ua, amenyoosha mikono miwili juu ya michongoma, kichwa ameinamisha ili miiba isimchome, na katekista akamkabidhi. Nilimwambia kwa mbali alikuwa anafanana kabisa na mtu anayepokea komunyo. Alikaa wiki nzima bila kunisemesha.

Nta ya mishumaa ilikuwa rahisi, na rahisi huwa ghali. Aliipaka nene, ikakaa juu ya mti bila kuingia. Juani ililainika na kukusanya vumbi, asubuhi ya baridi ikabanduka kama ukoko wa uji. Wanawake walisema ukimaliza kupalilia unafanana na mtu aliyetoka kunyonyoa kuku.

Iliyokuwa bora, na hili tulikubaliana wote wawili, ilikuwa nta ya nyuki kutoka bonde la Lambwe. Mrina asali mmoja aliileta madonge madonge ndani ya kopo. Mara ya kwanza Fundi alisahau kuiosha asali, na duka langu likavamiwa na sisimizi hadi ndani ya sanduku la misumari. Akajifunza kuichemsha kwenye maji na kuichuja kwa fulana kuukuu. Ikawa safi, ya manjano, na harufu yake ilituliza moyo. Ila Fundi ni Fundi. Aliipaka tabaka, akasubiri, akapaka lingine, mpaka donge zima likaishia kwenye mipini sita, na bei ikapanda hadi kimo cha walimu na wenye ng'ombe wa gredi. Wanawake wa Rodi waliishika mipini ile, wakainusa, wakairudisha ukutani.

"Ni tamu," mmoja akaniambia. "Lakini mimi silambi jembe."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Fundi aliuchukia usemi huo kuliko dhambi. Alisema wahenga hao walikuwa hawajui kwaliti. Mimi nilidhani anauchukia kama fundi, kwa sababu unawafundisha wateja kuchukua chochote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kilichomuuma kilikuwa hilo neno la mwisho.

Sasa nimtaje mkewe. Fundi alimwita Mikayi, maana yake mke wa kwanza, ingawa wa pili hakuwahi kupatikana. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mwenye shamba lililonyooka mistari hadi ukaona haya kulikanyaga. Kila siku ya soko alipita mbele ya benchi la mumewe, nje ya duka langu, jembe begani, akielekea kwenye kishamba walichokodi ng'ambo ya barabara. Na mpini wa jembe lile ulikuwa wa Ndhiwa.

Naomba msomaji asilipite hilo haraka. Mke wa fundi wa mipini alikuwa analimia mpini alioununua soko la Ndhiwa, kwa fundi mwingine, mpini mkavu, haung'ai, umepinda kidogo kama goti la mzee. Alipita nao mbele ya wateja. Hakuwa anamtangaza mumewe vibaya, hata hakugeuza kichwa. Lakini wanawake wa soko wana macho. Mteja akishika mpini wa Fundi dukani kwangu, jicho lake lilikwenda barabarani, likamfuata Mikayi, likarudi, na mkono ukaachia. Mganga hajigangi, sawa, lakini mkewe akienda kutibiwa kwa jirani, nani atamfuata mganga huyo?

Siku moja nilimwita Mikayi ndani, nikampa chai, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "Jaduong', huyu mzee wangu, hajakuambia mambo ya mbuta?"

Hakuwa ameniambia. Kumbe kabla sijafika Rodi, Fundi alikuwa ametembelea Homa Bay akakuta akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yale mabaki ya samaki mbuta yakishatolewa minofu. Mafuta yake yalikuwa mengi na bei yake ya kutupa. Akabeba debe zima. Akapaka mpini mpya kabisa, akaung'arisha, akampelekea mkewe kama zawadi asubuhi ya kuanza kupanda.

Asubuhi hiyo kwa Wajaluo si asubuhi ya mchezo. Mwenye boma na mke wake wa kwanza ndio wanaotangulia kutia mbegu. Kabla hawajaanza, hakuna mwana wala mke wa mwana anayeruhusiwa kupanda hata punje. Kwa hiyo wake wa wanawe walikuwa wamejipanga pembeni ya shamba, majembe mkononi, mbegu kiunoni, wanamsubiri mama.

"Nikainua jembe," Mikayi akasema. "Mbwa wetu akakuja. Halafu ya jirani. Halafu zingine mimi hata sijui zilitoka wapi. Paka pia. Mimi napanda, zinanizunguka, zinalamba. Nikaweka jembe chini nichukue mbegu. Yawa! Mbwa yetu akashika mpini kwa meno, akavuta, akaingia nayo kwa miwa."

"Na wewe?"

"Mimi nifanye nini? Boma yote inangoja hiyo jembe. Nikakimbiza mbwa."

Mama mwenye boma, mbele ya wake wa wanawe, akakimbizana na mbwa kwenye miwa kuutafuta mwanzo wa msimu. Aliporudi na jembe, mpini umetafunwa, wale wasichana walikuwa wamejifunika leso usoni, mabega yanatikisika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunika kwa kikombe. Mikayi aliniacha nicheke hadi mwisho. Yeye hakucheka.

"Mimi sikukasirika na harufu," akasema. "Nilimwambia, Jaduong', hii kitu ungeshika asubuhi moja tu, ungejua. Akaniambia yeye ni fundi, kulima ni ya wanawake na ng'ombe. Basi. Siku atalima na mpini yake, kutoka asubuhi mpaka jua ikae kichwani, hiyo siku nitaishika."

Nilimfikishia Fundi ujumbe huo, kana kwamba hakuujua. Alikuwa anasugua mpini, hakuinua uso.

"Mtu wa kutengeneza majeneza," akasema, "analala ndani kwanza ajaribu?"

Niliona jibu zuri sana. Nikalipeleka kwa Mikayi, maana nilikuwa nimeanza kufurahia kazi ya utarishi. Alifikiri kidogo tu.

"Mwambie maiti hairudi sokoni kulalamika."

Tangu hapo nilimtazama Fundi kwa jicho lingine. Niliona jinsi alivyonyamaza Mikayi akipita, jinsi kitambaa kilivyosimama juu ya mpini mpaka jembe lile la Ndhiwa lipotee kwenye kona. Kila nta aliyoijaribu, kila uchafu aliochemsha, alikuwa anamchemshia mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameomba kitu kingine kabisa, kitu kisichouzwa gereji wala kanisani. Alikuwa ameomba asubuhi moja. Na yule mzee mkaidi alikuwa tayari kutembea hadi Lambwe kwa miguu kutafuta nta kuliko kutembea hatua ishirini hadi shambani kwake.

Mimi nami sikuwa malaika. Msimu mmoja wa mvua za masika mauzo yalilala kabisa, mipini ya Fundi ikajaa ukutani inang'aa bila mnunuzi, nikafanya nilichofanya. Nilikwenda Ndhiwa, nikanunua mzigo wa mipini ya yule fundi mwingine, nikaisimamisha mlangoni, mikavu, imefifia. Ikaanza kwenda.

Fundi akaja siku ya soko. Akaiona. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Aliuchukua mmoja, akafumba jicho, akautazama kwa urefu. Ulikuwa umepinda, na nilijua ameona. Akaupitisha kiganjani mwake polepole. Akaurudisha. Akaondoka bila kusema neno, na huyo alikuwa mtu aliyewahi kunihutubia juu ya msasa mpaka nikafunga duka.

Hakuja soko lililofuata, wala la pili, wala la tatu. Sikulala vizuri. Niliona haya, na niliona haya zaidi kwa sababu mauzo yalikuwa mazuri. Jumapili moja nikafunga duka, nikachukua sukari kilo mbili, nikashika njia ya kwake.

Niliposogea bomani sikusikia tupa wala msumeno. Benchi la nyumbani lilikuwa tupu. Mbwa wa boma, mzee sasa, mdomo umeota mvi, alinibwekea mara moja kwa kutimiza wajibu akalala tena. Mikayi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anabambua njugu. Ule mpini wake wa Ndhiwa ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma yake. Hakunisalimia kwa maneno. Alinionyesha shamba kwa kidevu.

Fundi alikuwa anapalilia. Alikuwa amevua shati, suruali ameikunja magotini, viganja amevifunga vitambaa. Alilima vibaya sana. Alinyanyua jembe juu kuliko inavyohitajika na kulishusha kama mtu anayeua nyoka. Mistari yake ilipishana kama walevi. Lakini nyuma yake palikuwa pamelimika, kipande kizima, na jua lilikuwa limekaribia utosi.

"Tangu lini?" nikamuuliza Mikayi.

"Wiki tatu. Kila siku anaacha kabla ya jua kufika. Mkono inakataa. Kesho anapaka nta ingine, anarudi."

Tukasubiri. Nilikaa chini kwenye majani, nikamsaidia kubambua. Mikayi hakumwangalia mumewe, aliangalia kivuli cha kigoda, kikizidi kuwa kifupi. Kilipoingia chote chini ya kigoda, aliacha njugu.

Fundi alikuja akitembea kama mtu aliyeshuka punda. Aliponiona hakushangaa. Alifungua vitambaa akanionyesha viganja. Malengelenge yaliyopasuka, mengine yamekauka, ngozi mpya ya waridi pembeni.

"Nyar Kuria," akasema, "mimi nilikuwa mjinga ya miaka mingi."

Akanipa jembe. Mpini ulikuwa wa powo, umenyooka kama kawaida yake, lakini haukung'aa hata kidogo. Nilidhani hajaupaka kitu. Nikaupitisha mkononi. Haukukwaruza, haukuteleza. Ulikaa tu.

"Ni nini hii?"

"Ni ile ile ya nyuki. Kadogo, kama punje moja ya mahindi. Unapasha mpini kwa moto mpaka inakuwa na joto, unasugua nta, inaingia. Halafu unafuta. Unafuta, unafuta, mpaka unafikiri umetoa yote. Ile imebaki ndiyo inafanya kazi." Alikohoa. "Mimi nilikuwa naiweka juu kama bibi harusi. Jasho nayo inataka mahali ya kushika. Mtu hawezi kujua hiyo akikaa kwa benchi."

Nikapiga hesabu ya harakaharaka, tabia ya duka. Donge lililokuwa likiishia kwenye mipini sita lingefika mingapi? Nta bora kuliko zote ilikuwa rahisi tangu mwanzo, na kilichoifanya ghali kilikuwa majivuno. Nilitaka kumwambia hivyo. Viganja vyake vilikuwa vimeshamwambia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikanyamaza mbele ya Fundi.

Mikayi alinyanyuka. Alilichukua jembe mikononi mwangu bila haraka. Aliusogeza mpini puani akaunusa, kutoka juu hadi chini. Kisha akaenda hadi alipolala yule mbwa mzee, mwizi wa jembe, akamwekea mpini chini ya pua.

Fundi alisogea hatua moja mbele. Mimi pia.

Mbwa alifungua jicho moja. Akanusa. Akafikiri. Akapiga chafya, akageuza kichwa upande wa pili, akalala.

Mikayi akatemea viganja vyake mate, akavipangusa, akaingia shambani na jembe la mumewe hadi pale mistari ilipopinda. Fundi alimfuata nyuma, akanyooshea kidole mpini, akaanza kumweleza jinsi ya kuushika.

"Jaduong', toka hapo," akamwambia. "Unakanyaga maharagwe."

Fundi akatoka. Sijawahi kuona tena mtu aliyefukuzwa akafurahi namna ile.